Kinyoya cha Salamu

Majirani zangu wa Ngamiani mmekuwa wema kwangu tangu nirudi. Mnaniletea uji, mnanijulia hali, kisha mnapunguza sauti na kuuliza, "Na mama je, hajambo? Yuko wapi?" Mmoja wenu, simtaji, ameshatangaza kwamba nimemwacha mke wangu Unguja kwa talaka. Mwingine anaapa kwamba mke ndiye aliyenikimbia. Nimechoka kujibu mlango kwa mlango. Nasimulia safari yenyewe, tangu tulipoondoka wawili mpaka niliporudi peke yangu, ili atakayesema aseme akijua anachokisema.

Kisa cha safari ni dada yangu Kidawa. Yeye ni mdogo wangu, anakaa Malindi, Unguja mjini. Mumewe ni Makame, na Makame ni kaka yake Mize, mke wangu. Mimi nilimwoa dada yake, naye akamwoa dada yangu. Mwaka mmoja baada ya mapinduzi, sisi tukiwa tumeshahamia Tanga, kazi ya gatini ilimpungukia Makame, akatuletea habari kwamba anakuja kwetu kutafuta riziki. Ruhusa ya kusafiri ikakawia. Akaenda kwao Kendwa, kaskazini ya kisiwa, akapanda chombo kidogo pamoja na watu watatu wa huko huko. Mize alimpikia siku ile, na siku ya pili yake, na siku ya tatu. Makame hakufika. Hatukuona mtu wala ubao.

Miaka ikapita. Mwaka huu baharia mmoja akatuletea maneno ya mdomo kutoka kwa Kidawa: "Njooni wote wawili. Msije mmoja." Kidawa alikuwa amekwenda kwa kadhi, na kadhi amemwambia kwamba hawezi kumhesabu mjane mpaka amsikie ndugu wa mume, kwa kinywa chake, akisema kwamba hana habari za mtu wao na amekata tamaa. Ndugu wa Makame aliyebaki duniani ni mmoja tu, naye ni Mize.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Mimi nilitaka dada yangu afunguliwe, maana bado kijana, na shangazi aliyekuwa akikaa naye ameshafariki, na mwanamke kukaa peke yake nyumba nzima, si mke si mjane, ni adhabu. Mize hakutaka kulitamka neno hilo juu ya kaka yake. Aliniambia mara moja tu, akiwa anachambua mchele, "Nikisema kafa, na yeye akaja kesho, ntamtazamaje?" Kuanzia hapo tukaishi kwa adabu nyingi, na ninyi mlio katika ndoa mnajua adabu nyingi ndani ya nyumba maana yake nini.

Tanga. Mwalimu jirani yetu na mkewe ndio wa kwanza kuona. Mnajua kwamba sisi wawili hucheza nao mpira wa vinyoya uani kwao, kila wiki mkipita mnasikia kelele. Mimi hukaa nyuma, Mize mbele karibu na wavu. Kinyoya kikija juu yake akiona hakiwezi huita, "Bwana!" Kikiwa chake huita, "Changu!" Jina langu hajapata kulitaja, uwanjani wala popote, na mke wa mwalimu humcheka kwa hilo. Baada ya ujumbe wa Kidawa tuliingia uwanjani na Mize hakuita kitu. Vinyoya vikaanguka katikati yetu, kimoja baada ya kingine, yeye akiniachia mimi na mimi nikimwachia yeye. Mwalimu akaweka raketi chini akasema, "Sudi, leo mmekuja nyinyi au wamekuja wageni?" Tukaenda zetu nyumbani kabla ya magharibi.

Asubuhi ya kuondoka tulifunga mchele, sukari na unga wa ngano, maana Unguja wakati huu vitu ni vya kupanga mstari dukani. Mize akaleta raketi zetu mbili amezifunga ndani ya kanga.

"Raketi za nini?" nikamuuliza. "Tunakwenda kwa kadhi."

"Wewe unakwenda kwa kadhi," akasema. "Mimi nakwenda kwa kaka."

Njiani. Basi lilisimama Muheza. Mize akanunua machungwa, akanimenyea kama anavyonimenyea siku zote, ganda likitoka zima bila kukatika, akanipa bila kunitazama. Nililila lile chungwa na sikuhisi utamu wake. Kutoka hapo mpaka Chalinze alilala, au alijifanya amelala. Vumbi likaingia dirishani likamkaa kwenye nyusi. Nilitaka kumfuta, nikaona aibu, mtu na mkewe wa miaka yote hiyo.

Dar es Salaam tulilala Kariakoo kwa mama mmoja wa kwetu Unguja. Alitupokea vizuri, akatupa chumba chake yeye akalala na binti zake. Lakini wakati wa chakula akasema, kwa nia njema kabisa, "Na Makame nasikia yuko Mombasa. Anatengeneza nyavu."

Mize akaacha tonge sahanini. "Nani kamwona?"

"Kuna mtu kamwona, akamwambia jirani wa binamu yangu."

"Jina lake nani huyo mtu?" nikauliza mimi.

Mama wa watu akafikiri. "Jina silijui. Lakini kasema mrefu, mweusi, mpole."

Warefu weusi wapole pale Mombasa wangapi, sikuuliza. Niliuona uso wa mke wangu umechangamka kama uso wa mtu aliyeletewa chakula baada ya kufunga, nikajua kesho yake kazi yangu imekuwa ngumu mara mbili. Nilimchukia yule mama, Mungu anisamehe, na wali wake nilikuwa nimeumaliza.

Baharini sina la kusema ila kwamba nilitapika. Mize hakutapika, yeye ni mtu wa Kendwa, bahari anaijua. Alisimama kwenye ukingo wa meli njia nzima akiyatazama maji. Nilipomwita aje akae alisema, "Nnatazama tu." Nikamwacha. Nilijua anatazama nini, na nilijua kwamba hakuna cha kuona.

Malindi. Tuliteremka gatini jua likiwa kali. Afisa aliyekagua mizigo alizitoa raketi kwenye kanga akazigeuzageuza.

"Hizi nini?"

"Za kuchezea vinyoya," nikasema.

"Anacheza nani?"

"Mimi na mke wangu."

Akatutazama, mimi na mvi zangu, Mize na buibui lake, akatabasamu kidogo. "Haya piteni. Starehe njema." Huyo ndiye mtu pekee aliyetabasamu siku ile.

Mji wetu nimeuona umenyamaza. Nyumba nilizozijua zikiwa na watu barazani zimefungwa madirisha ya juu, na barazani hakuna bao wala kahawa. Dukani pale pembeni watu wamejipanga na vikapu, kimya, kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake. Nilimsalimia mmoja niliyesoma naye chuo cha Kurani, akaitikia haraka akageuka. Sikumlaumu. Kila mtu ana lake linalomfanya asizungumze barabarani.

Mlangoni kwa Kidawa kulikuwa na makubadhi ya kiume. Mize akanipita haraka, akagonga. Kidawa akafungua, mwembamba, macho makubwa kuliko uso.

"Shikamoo, kaka. Wifi yangu, karibuni."

"Marahaba. Viatu vya nani hivi?"

"Vya mwenyewe," akasema. "Naviweka hapo watu wapite wajue mna mwanamme ndani. Kila asubuhi navipangusa vumbi."

Mize akainama, akayashika yale makubadhi, akayarudisha pale pale yalipokuwa. Tukaingia.

Sasa niseme kidogo habari za ua wa nyumba hii, maana bila ya kuujua hamtaelewa. Nyuma ya nyumba pana ua mkubwa wenye kuta ndefu, hapana dirisha la jirani linalochungulia. Makame alikuwa fundi wa nyavu za kupakilia mizigo gatini. Kuna Mzungu mmoja alipofunga safari ya kurudi kwao vyombo vyake vikanadiwa, Makame akarudi na raketi nne. Wavu akausuka mwenyewe. Nyuzi za raketi zikikatika anatia mshipi wa kuvulia. Vinyoya alitengeneza kwa vizibo vya chupa na manyoya ya kuku. Tulicheza wanne, milango tumeitia komeo, wanawake wameweka buibui pembeni wamejifunga kanga. Hapakuwa na haramu hata chembe. Kila mwanamke pale alikuwa na mumewe upande mmoja wa wavu na kaka yake upande wa pili. Watu wengine wangetaka kucheza hivyo wasingeweza.

Na Makame alikuwa na desturi yake. Kinyoya cha kwanza hakihesabiwi. Ni cha salamu. Anayetoka nje, yaani mimi mgeni, hukipeleka kwa mwenye nyumba upande wake wa kulia na kumwambia, "Salaam aleikum!" Naye hukirudisha akisema, "Aleikum salaam, shemeji!" Hapo ndipo mchezo huanza. Miaka yote ile hakupata kukiacha kinyoya cha salamu kikaanguka. Siku moja alikirudisha kwa kandambili, raketi ikiwa imemponyoka. Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kendwa. Siku ya pili yake Mize alisema haendi kwa kadhi wala hatamki neno lile mpaka afike kwao. Tukapanda gari la shamba, tukapita Mahonda, tukapita Mkokotoni, tukateremka, tukatembea mchangani chini ya minazi. Kidawa hakuja. Alisema yeye Kendwa ameshakwenda mara nyingi, na barabara ile anaijua hadi mashimo yake.

Wazazi wa Mize wameshakufa. Tulifikia kwa Bi. Pili, mke wa mmoja katika wale watatu waliopanda chombo pamoja na Makame. Alikuwa uani anasuka kamba ya makumbi ya nazi, mikono haikusimama hata alipotuamkia. Alitukaribisha muhogo wa nazi na samaki. Alimsubiri Mize ale kwanza, ndipo akazungumza.

"Umekuja kuuliza."

"Nimekuja kuuliza, Bi. Pili. Mjini wanasema kaonekana Mombasa."

"Mombasa," akasema Bi. Pili. "Na mume wangu kaonekana Lamu. Na yule mwengine kaonekana Dubai, ana duka. Wamekuwa wasafiri wakubwa watu wetu." Hakuwa akicheka. "Mwanangu, sisi huku tulingoja msimu ukageuka. Halafu tukakaa eda, sote watatu, siku moja. Mimi nshaolewa tena, nshazaa. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Khitma tulisoma msikitini. Wakatajwa watatu. Likafika jina la Makame, mwalimu akasita, akatutazama. Tukasema, huyo ana watu wake, hawajakubali. Jina lake tukalipita." Sasa mikono yake ikasimama. "Kila mwaka tunalipita, Mize. Wenziwe wanaombewa, yeye tunamruka."

Mize akasimama, akatoka, akaenda pwani. Nilimfuata kwa mbali. Alikaa pale ulipoanza mchanga mkavu, mimi nikakaa nyuma yake, mpaka saa ya gari la kurudi ikakaribia. Ndipo mimi, kwa ulimi wangu huu usiojua kungoja, nikasema, "Mize, kaka yako amekufa."

Akageuka. "Sema wewe. Kwako ni shemeji tu."

Ndani ya gari alikaa kiti cha mbele na wanawake, mimi nikakaa nyuma na magunia ya nazi. Niliona haya mbele ya watu, na niliumia zaidi ya haya.

Malindi tena. Kesho yake baada ya alasiri, Kidawa alitukuta tumekaa chumba kimoja kila mtu anatazama ukuta wake. Akasimama mlangoni.

"Hebu njooni uani. Wavu ninao."

"Wakati wa kucheza huu?" nikasema.

"Kaka, mkishakwenda kwa kadhi, mambo yakiwa hivi au yakiwa vile, sisi hatuchezi tena. Nicheze mara moja."

Wavu ulikuwa umekunjwa ndani ya sanduku la nguo pamoja na karafuu za kuzuia wadudu. Ile misumari miwili ya kufungia wavu ukutani bado ilikuwepo. Mistari aliichora upya kwa chokaa. Akatoa raketi zake mbili, yake na ya Makame, zote zimepakwa mafuta ya nazi kwenye miti yake. Ya Makame akaiegemeza ukutani upande wa kulia, pale alipokuwa akisimama mwenyewe. Yeye akasimama kushoto, kwenye nusu yake, akafunga kanga vizuri kiunoni.

Sisi tukasimama upande wetu, Mize mbele, mimi nyuma. Kidawa akanirushia kinyoya kwa chini ya wavu, kizibo na manyoya ya kuku, kazi ya Makame. Nilikishika, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. Wallahi sikufikiri. Nilikipeleka upande wa kulia nikasema kwa sauti, "Salaam aleikum!"

Kinyoya kikapita juu ya wavu, kikashuka, kikaanguka kwenye saruji mbele ya ile raketi iliyoegemezwa. Hapakuwa na aliyeitikia.

Kidawa hakukifuata. Alikuwa anatazama mbele yake tu. Nilitamani nikirudishe kile kinyoya hewani, nilitamani nijipige kwa raketi. Mwishowe Kidawa akaenda akakiokota kwa vidole viwili, akarudi kwenye nusu yake, akasema, "Haya, twende."

Tukaanza kucheza. Kinachokwenda kushoto alikirudisha, na mkono wake ulikuwa bado mzuri. Kinachokwenda kulia alikiacha kikaanguka, hata kikiwa hatua moja kutoka alipo.

"Kidawa!" nikamwambia. "Cheza uwanja mzima, mdogo wangu. Uko peke yako."

"Hicho si changu. Hicho cha Makame."

"Lakini unakiweza!"

"Si changu, kaka."

Nilikasirika. Niliona ni ukaidi, niliona anatuchezea akili. Lakini nikamwona Mize kule mbele anafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Mke wangu ni mjanja karibu na wavu, mnamjua. Kazi yake yote ni kukitia kinyoya pale ambapo mtu hayupo. Siku ile alikuwa anamtafuta Kidawa. Kila alichokigusa alikipeleka kushoto, taratibu, mkononi mwake, asije akakigusa kile kipande kilicho wazi. Anamlinda kaka yake kwa upande ule wa wavu, na sisi ndio tunaoshindana naye. Nilipoelewa, hasira yote ilinitoka, nikabaki na huzuni tupu.

Kikaja kinyoya kirefu. "Bwana!" akaita Mize. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu tuondoke Tanga. Nikakikimbilia, nikakirudisha vibaya, Kidawa akakileta kifupi pale wavuni, upepo wa uani ukakisukuma. Mize akanyoosha mkono akakigusa kwa ncha tu. Kikapanda, kikasita juu ya wavu, kikaangukia kulia. Kikaviringika hadi kwenye raketi ya Makame, kikatulia hapo.

Mize akakitazama. Kisha akainama, akapita chini ya wavu akaenda upande wa pili. Akaiokota raketi ya kaka yake ukutani. Akakiokota kinyoya, akanirushia mimi. Akasimama pale pale kulia.

"Bwana," akasema. "Lete salamu tena."

"Mize..."

"Lete, nakuomba."

"Salaam aleikum," nikasema, nikakipeleka.

Akakirudisha. "Aleikum salaam, shemeji," akasema, kwa sauti nzito kama ya Makame, kisha akakaa kwenye saruji na raketi imemlalia mapajani.

Kidawa akamkimbilia. Nusu ile aliyoikwepa alasiri nzima aliivuka bila kutazama mstari.

"Wifi," Mize akawa anasema, "miaka yote hii nampelekea salamu. Kila baharia anayepita Tanga nampa salamu zake. Mombasa, Lamu, Pemba, popote. Hakujibu hata moja. Makame huyu tunayemjua mie na weye? Makame aiache salamu ianguke?" Akamshika mkono. "Angekuwa hai angejibu."

Hapo ndipo walipomlilia. Mimi nilikuwa bado nimesimama upande wa pili wa wavu, kinyoya kiko miguuni, uwanja wote nimeachiwa mimi. Sikuthubutu kupita.

Kwa kadhi tulikwenda asubuhi yake. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi, chumba chake kina mkeka mmoja na viti viwili. Alimwuliza Mize, na Mize akajibu kwa sauti ya kusikika, hakulia, hakunitazama mimi wala mtu mwingine. Alisema hana habari za kaka yake, kwamba alikuwa na matumaini na sasa hana. Kadhi akamwuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Akasema, "Hakuna. Mume wangu aliniambia, nikakataa. Nimejua mwenyewe." Kadhi akasoma, akamwelekeza Kidawa aingie eda kuanzia siku ile, miezi minne na siku kumi.

Tukatoka nje. Nilitarajia nafuu. Nilikuwa nimeipigania siku hii, na nikaiona haina ladha. Kidawa alikuwa ametaka kufunguliwa, na sasa amefunguliwa analia barabarani, uso ameufunika kwa ukaya, na watu wanaotupita wanageuza nyuso kwa heshima.

Ijumaa khitma ilisomwa Kendwa. Nilikwenda mimi. Mwalimu alipofika kwenye jina la Makame alilitaja, na nyuma, upande wa wanawake, nilisikia Bi. Pili akivuta "Amin" ndefu.

Niliporudi Malindi makubadhi hayakuwepo mlangoni. Mize alikuwa ndani ameshamsuka Kidawa, naye mwenyewe amefunga leso nyeupe ya msiba, na mizigo iliyofungwa ilikuwa yangu peke yake.

"Nabaki," akasema.

"Dada hana eda, Mize. Dada siku tatu tu."

"Najua. Sikai eda, nakaa na wifi yangu. Hatoki nje miezi hiyo, nani amchotee maji, nani ampangie mstari dukani?" Akaivuta kanga yenye raketi, akatoa moja, akanipa. "Na kaka yangu nimemlilia alasiri moja tu. Miaka yote nilikuwa namngoja. Kungoja na kulia huwezi kuvifanya pamoja."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Haya, mke wangu." Kidawa akanisindikiza mpaka kwenye pazia, hakuweza kupita zaidi. Mize naye hakuja gatini, alikuwa na sufuria jikoni. Afisa yule yule alikuwepo. Alitazama raketi moja mkononi mwangu, akafungua kinywa, akakifunga, akaniambia nipite.

Kurudi. Nilitapika tena baharini. Kariakoo yule mama aliniuliza habari za Mombasa, nikamwambia, "Marehemu," akajishika mdomo. Muheza nilinunua chungwa, nikalimenya mwenyewe, likatoka vipande vipande.

Tanga. Sasa mmeshajua mke wangu yuko wapi. Hajaachwa wala hajakimbia. Miezi ikitimia atarudi na Kidawa, Mungu akipenda, na chumba cha uani nimeshakipaka chokaa.

Lakini limebaki moja. Juzi mwalimu na mkewe walinihurumia, wakaniita nicheze nao, mimi mmoja wao wawili. Nikasimama nyuma, pangu. Mke wa mwalimu akaleta kifupi, kikaanguka pale mbele karibu na wavu. Akaleta cha pili, kikaanguka. Cha tatu, kikaanguka.

"Mbele, Sudi!" mwalimu akapiga kelele. "Njoo mbele, unakiweza!"

Miguu haikwenda. Nilijaribu, nawaambieni ukweli, haikwenda. Nikamwambia, "Hapo pa Mize." Mke wa mwalimu akashusha raketi. Nikaenda zangu nyumbani, na njiani nilimkumbuka dada yangu nilivyomfokea uani kwake, cheza uwanja mzima, uko peke yako. Nimwite nani mkaidi mimi? Ninayemngoja namjua yuko nyumba gani, kwenye mlango gani, na mwezi gani atarudi, na bado siwezi kusimama alipokuwa akisimama.